Kupima Ushahidi: Uhuru wa Hakimu na Wajibu wa Kutoa Sababu

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1967 kwa kufuata kwa karibu Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, inaeleza kwa kirefu ni ushahidi upi unaopokelewa mahakamani na upi unaokataliwa, lakini inasema machache sana kuhusu namna ya kuupima ule uliokwisha kupokelewa. Tofauti kati ya kupokea na kupima ndiyo msingi wa mada hii, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kielelezo kikishapewa namba na kuingizwa katika kumbukumbu za mahakama kimekwisha kuthibitisha kile kilicholetwa kukithibitisha. Sivyo. Kupokelewa kwa ushahidi maana yake ni kwamba sheria imeuruhusu uzingatiwe. Uzito wake ni swali jingine, linalojibiwa mwishoni, baada ya pande zote mbili kusikilizwa na kila kipande kulinganishwa na vingine.

Kuhusu uzito huo sheria ina kanuni moja pana. Kifungu ambacho wanasheria wa Tanzania wamekizoea kwa namba 143 kinasema kwamba hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayohitajika ili kuthibitisha jambo, isipokuwa pale sheria nyingine inapoagiza vinginevyo, na kifungu cha Kenya chenye namba hiyohiyo kinasema vivyo hivyo, kwa kuwa vyote viwili vilichotwa katika kifungu cha 134 cha sheria ya India. Kanuni hii inaonekana nyepesi kwa msomaji wa leo, ilhali nyuma yake kuna historia ndefu ya kuhesabu. Katika mahakama za bara la Ulaya za zama za kati, mashahidi wawili wa macho walihesabiwa kuwa uthibitisho kamili na shahidi mmoja kuwa nusu ya uthibitisho, na nusu iliyopungua ilitafutwa kwa kumtesa mtuhumiwa mpaka akiri. Mapinduzi ya Ufaransa yalipouvunja mfumo huo, mahali pake paliwekwa imani ya dhati ya mwamuzi, dhana ambayo kupitia Ubelgiji ilifika Kongo, Rwanda na Burundi. Katika pwani ya Afrika Mashariki idadi ya mashahidi ilikuwa sehemu ya fiqhi iliyotumika katika mahakama za makadhi, na Sheria ya Mahakama za Makadhi ya Kenya ya mwaka 1967, ingawa imeziachia mahakama hizo zifuate sheria ya Kiislamu ya ushahidi, imeweka sharti kwamba mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini au jinsia, na kwamba kila jambo linalobishaniwa liamuliwe kwa kupima uaminikaji wa ushahidi wote na si kwa idadi ya waliousema.

Kuachana na hesabu kulimpa hakimu uhuru mkubwa, na uhuru huo ungekuwa hatari kama usingefuatana na wajibu wa kueleza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inaagiza kwamba hukumu itaje masuala yanayopaswa kuamuliwa, uamuzi juu ya masuala hayo, na sababu za uamuzi. Agizo hilo linajitokeza kwa ukali zaidi katika makosa ya kujamiiana, ambako mabadiliko yaliyoletwa na sheria maalumu ya mwaka 1998 yaliruhusu mshtakiwa atiwe hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, hata akiwa mtoto mdogo, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli tupu na sababu za kuridhika huko ziandikwe katika mwenendo wa shauri. Sheria ya Kenya ina sharti linalofanana na hilo. Maana yake ni kwamba mabunge yamemkabidhi hakimu mamlaka ya kumwamini mtu mmoja dhidi ya mwingine, na kwa kubadilishana na mamlaka hayo yamemtaka aonyeshe kwa maandishi kilichomfanya aamini. Hukumu inayosema tu kwamba mahakama imemwona shahidi kuwa mkweli haijatimiza sharti hilo, kwani inataja matokeo ya upimaji na kuuficha upimaji wenyewe.

Kabla ya kufika kwenye shahidi mmojammoja, ni lazima kipimo chenyewe kieleweke. Katika kesi ya jinai upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha, na unatakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka yenye mashiko, yaani shaka ambayo mtu mwenye busara angeweza kuitolea sababu kutokana na ushahidi uliopo, na si wasiwasi wa kubuni. Katika kesi ya madai kinachotumika ni mizani ya uwezekano: mwenye simulizi inayoelekea zaidi kuwa kweli ndiye anayeshinda, hata kama tofauti ni ndogo, ingawa madai ya ulaghai huhitaji ushahidi mzito zaidi ya kawaida. Mahakama za mwanzo, ambako Watanzania wengi hukutana na sheria kwa mara ya kwanza, hazifungwi na Sheria ya Ushahidi bali zina kanuni zake fupi, na hata hizo zinatenganisha vipimo hivi viwili.

Kujua kipimo, hata hivyo, hakutoshi kama mpangilio wa fikra umepinda. Katika uamuzi wa mwaka 1986 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba ni kosa kubwa kwa jaji kuushughulikia ushahidi wa mashtaka peke yake, kufikia hitimisho kwamba ni wa kweli na wa kuaminika, bila kwanza kuuzingatia ushahidi wa utetezi. Hoja hiyo inastahili kutiliwa mkazo kuliko nyingine zote katika somo hili, kwa kuwa kosa linalokemewa ni la kibinadamu na ni vigumu kuligundua. Mashahidi wa mashtaka hutangulia. Hakimu anayeandika hukumu kwa kufuata mfuatano huohuo hujikuta amekwisha kuamini kabla hajaufikia utetezi, na kuanzia hapo maneno ya mshtakiwa hayasomwi tena kama sehemu ya picha, yanasomwa kama jaribio la kubomoa jambo lililokwisha kuthibitika. Mshtakiwa anayedai kwamba siku ya tukio alikuwa kwingine hana mzigo wa kuthibitisha alikokuwa, kwani inatosha dai lake, likilinganishwa na ushahidi wote, liache shaka. Hata uongo wake ukidhihirika, udhaifu wa utetezi haujazi pengo lililoachwa na mashtaka, maana watu wasio na hatia nao husema uongo kwa hofu, kwa aibu au kwa kumkinga ndugu.

Hakuna aina ya ushahidi inayoonyesha hatari ya kuamini mapema kama ushahidi wa utambuzi wa macho, yaani kauli ya shahidi kwamba mtu aliyemwona akitenda kosa ndiye huyu aliyesimama kizimbani. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya tangu mwaka 1953 kwamba ushahidi wa shahidi mmoja wa utambuzi, hasa mazingira yanapokuwa magumu, upimwe kwa uangalifu wa pekee, na ikarudia onyo hilo mwaka 1967 katika kesi ya Roria. Nchini Uingereza makosa ya utambuzi yaliyowapeleka gerezani wasio na hatia yalizaa mwongozo maarufu wa kesi ya Turnbull mwaka 1976. Miaka minne baadaye Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1979 tu, iliamua kesi ya Waziri Amani, ambayo mpaka leo hutajwa karibu katika kila rufani inayohusu utambuzi. Uamuzi huo ulisema kwamba ushahidi wa aina hii ni dhaifu kuliko zote na kwamba mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa, kisha ukataja maswali ya kujibiwa: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, katika mwanga wa namna gani, palikuwa na kizuizi chochote, na je, alimfahamu kabla.

Nguvu ya maswali hayo imo katika undani wake. Kesi nyingi za unyang'anyi wa kutumia silaha hutokea usiku, na shahidi husema kwamba alimtambua mshambuliaji kwa mwanga wa taa. Kauli hiyo peke yake ni tupu, kwa sababu koroboi iliyowekwa sakafuni, kandili iliyotundikwa mlangoni, taa ya umeme ya jirani na mbalamwezi iliyopita kwenye majani ya mgomba vyote ni mwanga, na kila kimoja humwezesha mtu kuona kiasi tofauti. Ndiyo maana mahakama za rufani zimekuwa zikitaka chanzo cha mwanga, mahali kilipokuwa, ukali wake na ukubwa wa eneo lililomulikwa vielezwe. Kufahamiana kabla ya tukio husaidia, lakini hakumalizi shaka, kwani mwongozo wa Turnbull wenyewe unakumbusha kwamba watu hukosea hata wanapodhani wamewaona ndugu na marafiki zao. Kinachoongeza uzito zaidi ni kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo. Shahidi aliyewatajia majirani jina usiku uleule, kabla ya uvumi kuenea mtaani, ana nafasi bora kuliko aliyelitaja baada ya siku kadhaa, na Mahakama ya Rufani imesema kwamba kuchelewa kumtaja mtu anayefahamika, bila maelezo, kunapaswa kuifanya mahakama yoyote makini iulize. Kwa mshtakiwa asiyefahamika, gwaride la utambuzi lililoandaliwa ipasavyo, ambapo shahidi amekwisha kutoa maelezo ya sura na umbo kabla ya kuitwa, ndilo linalokipa thamani kidole kinachonyooshwa baadaye kuelekea kizimbani.

Utafiti wa kisaikolojia umethibitisha tahadhari hizi na kuongeza jambo ambalo mahakama bado hazijalitilia maanani vya kutosha. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza kasi ya magari kwa kubadilisha kitenzi kimoja tu katika swali. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kugongana kwa kishindo walikadiria wastani wa maili 40.5 kwa saa, na walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana walikadiria maili 31.8. Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye, waliotajiwa kishindo walielekea zaidi kusema kwamba waliona vioo vilivyovunjika, ilhali havikuwapo. Kumbukumbu, kwa hiyo, hujengwa upya kila inapoulizwa, na swali la mpelelezi huweza kuwa sehemu yake. Brandon Garrett, aliyechambua kesi 250 za Marekani ambazo wafungwa wake waliachiwa huru baada ya vipimo vya vinasaba, alieleza mwaka 2011 kwamba kesi 190 kati ya hizo zilikuwa na utambuzi wa macho uliokosewa, na kwamba mashahidi wengi waliokuwa na uhakika kamili mahakamani walikuwa wamesitasita pale mwanzo. Uhakika wa shahidi siku ya kesi, basi, hauna budi kupimwa dhidi ya maneno yake ya siku ya kwanza.

Jambo hilo linagusa desturi kongwe ya kupima ukweli kwa mwonekano wa shahidi kizimbani. Mahakama za rufani husema mara kwa mara kwamba mwonekano ni eneo la hakimu aliyemwona shahidi, na kwamba wao, wanaosoma karatasi, hawana budi kumheshimu katika hilo. Heshima hiyo ina sababu yake, lakini isipite kiasi. Uchambuzi wa Charles Bond na Bella DePaulo wa mwaka 2006, uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba watu hutofautisha ukweli na uongo kwa kumtazama na kumsikiliza msemaji kwa usahihi wa asilimia 54 hivi, kiwango kinachokaribia kubahatisha. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtoto au msichana anayeinamisha macho mbele ya mtu mzima anaonyesha adabu aliyofunzwa nyumbani, na sauti ndogo ya mwanamke anayetakiwa kutaja viungo vya mwili mbele ya wanaume wageni ni haya. Hakimu anayezisoma ishara hizo kama dalili za kuficha jambo anamdhulumu anayesema kweli. Njia iliyo salama zaidi, ambayo Mahakama ya Rufani yenyewe imeitambua, ni kuuangalia ushahidi kwa mshikamano wake wa ndani na kwa kuulinganisha na ushahidi mwingine, pamoja na ule wa mshtakiwa, kazi ambayo hata jaji wa rufani anaweza kuifanya.

Mshikamano nao una mitego yake. Mashahidi wanaotofautiana kuhusu saa ya tukio au rangi ya shati, baada ya miaka miwili ya kusubiri kesi, wanafanya kile ambacho kumbukumbu ya kweli hufanya, na wale wanaosimulia kwa maneno yaleyale na kwa mfuatano uleule ndio wanaopasa kuulizwa zaidi kama hawakuketi pamoja kupanga. Kanuni inayofuatwa ni kwamba mahakama ikikuta tofauti iitaje, kisha iamue kama ni ndogo au inagusa kiini cha kesi. Sehemu ya kwanza ya kanuni hiyo ndiyo inayosahauliwa zaidi: tofauti haifi kwa kunyamaziwa.

Kuhusu ungamo, yaani kauli ya mtuhumiwa ya kukiri kosa, nchi za ukanda huu zimechukua njia tofauti. Kenya huyakubali maungamo yaliyotolewa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya ofisa wa polisi mwenye cheo kisichopungua inspekta asiyekuwa mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu aliyechaguliwa na mtuhumiwa. Tanzania inaruhusu ungamo lililotolewa polisi likiwa la hiari, na inaweka muda wa msingi wa saa nne tangu kushikiliwa kwa ajili ya mahojiano. Maelezo ya onyo, yaani kauli ya mtuhumiwa iliyoandikwa na polisi baada ya kumwonya, yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila kuongezwa kisheria yameondolewa kwenye kumbukumbu katika rufani nyingi. Hiari ikikanushwa, Mahakama Kuu huendesha kesi ndani ya kesi ili kuliamua suala hilo kwanza. Hata hivyo hiari haiwi sawa na ukweli, na uamuzi wa mwaka 1967 katika kesi ya Tuwamoi iliyotoka Uganda uliweka bayana kwamba ungamo lililokanwa baadaye litazamwe kwa tahadhari na kwa kawaida litafutiwe ushahidi wa kuliunga mkono. Swali linalofaa zaidi kuulizwa ni kama ungamo lina jambo ambalo polisi hawakulijua kabla. Ungamo linalorudia tu yale yaliyokwisha kuandikwa katika jalada halisaidii sana.

Ushahidi wa mazingira, ambao hauonyeshi tendo lenyewe bali mambo yanayolizunguka, mara nyingi hudharauliwa bure. Kipimo chake kiliwekwa katika kesi ya Simon Musoke ya mwaka 1958: mambo yaliyothibitishwa yawe hayapatani na kutokuwa na hatia kwa mshtakiwa, yasiwe na maelezo mengine yoyote ya kuridhisha isipokuwa hatia yake, na kusiwepo hali nyingine inayodhoofisha dhana hiyo. Vipande vyake hufanya kazi kama nyuzi za kamba, ambazo kila mmoja peke yake hukatika kwa urahisi lakini zikisokotwa hubeba mzigo. Hapa pia mahakama hukosea pale inapokipima kila kipande kivyake na kukitupa, au pale inapovijumlisha bila kujiuliza kama kila kimoja kimethibitishwa kwanza.

Ushahidi wa wataalamu una mvuto wa takwimu, na takwimu zikitumiwa vibaya hupoteza kuliko shahidi mwongo. Nchini Uingereza mwaka 1999 mama mmoja aliyefiwa na watoto wawili wachanga alitiwa hatiani kwa kuwaua, baada ya daktari kuliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia ya aina hiyo ulikuwa 1 kati ya milioni 73. Alikuwa amezidisha 1 kati ya 8,543 kwa yenyewe, kana kwamba vifo vya ndugu wa damu moja haviwezi kuwa na chanzo kimoja. Hukumu ilitenguliwa mwaka 2003. Kosa la pili linalofanana na hilo ni la kugeuza swali. Ikiwa wasifu wa vinasaba hupatikana kwa mtu mmoja katika kila milioni, si kweli kwamba uwezekano wa mshtakiwa kutokuwa na hatia ni mmoja katika milioni. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, na kwa kiwango hicho watu wapatao 62 wangekuwa na wasifu huohuo, kwa hiyo bila ushahidi mwingine wa kumhusisha mshtakiwa na tukio, vinasaba vinamweka tu ndani ya kundi. Na kabla ya takwimu kuna swali la kama kilichopimwa ndicho kilichokamatwa. Mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, yaani kumbukumbu ya kila mkono uliokipokea tangu kilipokamatwa mpaka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na hatimaye mahakamani, una maana kubwa kwa unga wa dawa za kulevya unaoweza kubadilishwa kwa dakika moja, na maana ndogo kwa gari lenye namba ya injini. Ujumbe wa simu na picha za kamera, ambavyo sheria ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2015 imevifungulia njia, vinadai maswali hayohayo kuhusu nani alikishika chombo na nani angeweza kukigusa.

Upimaji wote huu haumalizikii kwa hakimu wa kwanza. Kesi ya Okeno ya mwaka 1972 iliweka kwamba mahakama ya rufani ya kwanza ina wajibu wa kuuchambua upya ushahidi wote na kufikia hitimisho lake, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi. Inachokiona ni kumbukumbu ya maandishi. Kwa miongo mingi shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza, akitafsiri papo hapo kwa mkono, hata jaji wa rufani akawa anapima maneno ambayo shahidi hakuyatamka. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, yanalenga kuliondoa tatizo hilo, na ni mabadiliko makubwa kwa upimaji wa ushahidi kuliko yanavyotajwa. Tatizo jingine limebaki. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaelekeza kwamba ushahidi katika mahakama za chini kwa kawaida uandikwe kama masimulizi na si kwa mfumo wa swali na jibu, kwa hiyo jaji wa rufani hupata jibu bila swali lililolizaa, ilhali utafiti wa miaka hamsini iliyopita unaonyesha kwamba swali lenyewe huweza kulitengeneza jibu. Sheria hiyohiyo inamruhusu hakimu, akiona inafaa, kuliandika swali fulani na jibu lake kama yalivyosemwa. Ruhusa hiyo inapasa kuwa desturi ya kila siku angalau katika sehemu mbili: shahidi anapohojiwa kuhusu mwanga, umbali na sura ya aliyemwona, na mtoto anapoulizwa kuhusu yale aliyotendewa.